Baba Zubair na Vinyonga wa Fensi ya Kaiyaba

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile ulipochutama mbele ya duka lako kutazama ua, na hukusimama tena.

Mpaka leo hatuamini. Mtu anatoka nyumbani amekunywa chai, amelalamika kwamba sukari ni kidogo, amesema atapitia nyama akirudi, halafu kabla ya adhuhuri anarudishwa amebebwa. Hukuwa mgonjwa. Hukuwahi kulazwa hata siku moja. Daktari alisema ni moyo. Moyo gani, Baba? Ule uliokupandisha kila kilima cha Tetu ukifuata ndege asiye hata na nyama ya kujaza kijiko?

Na jinsi ulivyoondoka ndiyo inayotushtua zaidi. Ulikuwa umechutama kwenye ngazi, bega limeegemea ukuta, ile miwani yako ya jicho moja ya ufundi saa bado umeibana jichoni. Ua lenyewe lilikuwa limeota kwenye ufa wa saruji, dogo, la zambarau. Watu walikuona, wakapita. Kwa nini wasipite? Nyeri nzima ilikuzoea hivyo. Ah, ni Zubair na majani yake, mwacheni.

Anita, anayeuza ndizi mlango wa pili, alikusalimia. "Mzee, leo umepata nini tena?" Hukujibu, naye hakujali, kwa sababu ukiwa na ile miwani jichoni hata waziri angekusalimia ungemnyamazia. Akauza ndizi zake. Akarudi tena akakutania, "Wewe utaota mizizi hapo!" Mpaka mteja alipokuja na saa yake ndipo Anita alipokugusa bega, nawe ukalegea upande mmoja. Maskini Anita. Mpaka leo hajapona. Akikutana nasi sokoni husema neno lile lile: "Nilitania mtu amekufa. Mimi, na mdomo yangu."

Alimpigia Mama simu. "Mama Hamdan, kuja dukani." Mama akacheka. Walahi alicheka, Baba. Akauliza, "Kwani ameona nini leo? Mwambie chai inapoa." Upande wa pili Anita akaanza kulia, na Mama akabaki na simu mkononi na kile kicheko bado mdomoni. Siku hizi simu ikilia, Mama huiangalia kwanza kama mtu aangaliaye nyoka.

Tukuambie ulivyokuwa, maana wengine wanaosoma hapa hawakukujua.

Ulikuwa fundi saa katika mji ambao watu wote husoma saa kwenye simu. Hukulalamika. Makurutu wa chuo cha polisi Kiganjo walikuletea saa zao zilizoingia maji, wazee walikuletea saa za babu zao, na kazi ikipungua ulifunga mlango ukateremka mto Chania. Ulitaka kujua kila kinachoota na kila kinachotambaa kati ya hapa na mlimani, na jina lake kwa Kiswahili, kwa Kikuyu na kwa zile lugha za vitabuni. Ulipiga picha kwa simu, ukazituma kwa wenzako wa mbali wanaopenda mambo hayo, nao wakikubali kwamba umekitaja sawasawa, ulikuja nyumbani unatembea kama bwana harusi. Kisha ulichukua kalamu ukaandika kwenye kalenda ya jikoni, ndani ya kile kisanduku cha siku: "Mbayuwayu wamerudi." "Thabai imetoa maua nyuma ya stendi." Mama alikuwa akitafuta tarehe ya mfungo, anakutana na chura.

Watu walikuletea vitu. Nyoka ndani ya jagi, bundi mwenye bawa moja, kombamwiko wa kawaida kabisa ambaye mwenyewe alidhani ni ajabu. Hukumcheka mtu. Ulivaa ile miwani, ukamtazama kombamwiko kwa adabu zote, ukasema, "Umefanya vizuri kumleta. Sasa mrudishe ulipomtoa." Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria yako, na ulikuwa mkali nayo: mnyama ana kwao. Mtazame, mwandike, mwache. Binti yako Sumeya aliwahi kuficha kobe chini ya kitanda, ukamtembeza mwenyewe mpaka Ruring'u amrudishe, naye analia njia nzima.

Lakini uliowapenda kuliko wote walikuwa vinyonga wa fensi yetu.

Fensi ile ya kaiyaba, yenye miiba mirefu kama sindano za magunia, ndiyo inayotutenganisha na kwa Gicheru. Ndani yake waliishi vinyonga wadogo wa huku kwetu kwenye baridi, wenye kofia kichwani na ndevu kidevuni. Gicheru alisema hao ni ndugu zako. "Angalia Zubair, kofia, ndevu, na haina haraka. Ni wewe kabisa!" Alisema hivyo akiwa amesimama mbali, kwa sababu Gicheru, mtu mzima mwenye mashine ya kusaga unga na sauti ya kutisha ng'ombe, anaogopa kinyonga kuliko simba. Tangu utotoni aliambiwa kwamba ukigusa kimbu, ndiye kinyonga kwa Kikuyu, umegusa balaa.

Na ninyi wawili mlikuwa na ubishi wenu. Ulianza kabla Sumeya hajazaliwa. Wewe ulisema kinyonga wa hapa hatagi mayai. Hubeba watoto tumboni akawazaa wakiwa hai, kwa sababu ardhi ya huku ina baridi, yai lingeganda. Gicheru alisema huo ni wazimu.

"Kitu iko na ngozi kama nyoka inataga mayai. Ama ni mbuzi?"

"Inazaa, Gicheru."

"Umeona?"

Hapo ndipo alipokuwa akikushinda, kwa sababu hukuwa mwongo. Ulikuwa umesoma, umeambiwa na wajuao, lakini kwa macho yako hukuwa umeona.

"Sijaona."

"Basi nyamaza, tukunywe chai."

Siku moja ulimkaba. Je, akiona mwenyewe? Gicheru akaapa mbele ya Mama na mkewe Wangechi: "Siku nitaona kimbu ikizaa, nitaishika na hii mkono yangu, bila glavu." Mama alicheka mpaka akamwaga maji. Tangu hapo, Baba, tunajua ulichokitaka duniani. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani ulipita kwenye fensi, ukatafuta jike mwenye tumbo, ukarudi unatikisa kichwa. Hukuona. Umekufa hujaona, na hilo linatuuma.

Sasa tukueleze yaliyotokea siku ile, maana ulikuwepo na hukuwepo.

Unakumbuka fensi ilivyokatwa kila mwaka. Wewe ulitangulia na kile kijiti chako cha mparachichi, tawi kwa tawi, ukiwapandisha vinyonga kwenye kijiti mmoja mmoja na kuwahamishia upande usiokatwa. Gicheru alifuata nyuma na panga, mbali kabisa, akipiga kelele, "Umemaliza hapo? Una uhakika?" Mlikuwa mkichukua siku nzima kwa kazi ambayo watu wengine wangeimaliza wakisubiri maharagwe.

Siku ya kifo chako Gicheru alifika akikimbia, unga wa mashine bado kwenye nyusi. Akamkuta mwanao Hamdan mlangoni. Akauliza mazishi ni lini, tukae kamati. Hamdan akamwambia, "Leo, baada ya alasiri."

"Leo? Leo hii?"

"Maiti hacheleweshwi kwetu, Mzee Gicheru."

Alishika kichwa. Kwao mtu huombolezwa karibu wiki nzima. Watu hukutana kila jioni, hupanga magari, jeneza, chakula. Alifikiri ana siku nyingi za kukufanyia kitu, kumbe ana saa chache. Akaangalia huku na huku kutafuta kazi, yule rafiki yako, na macho yake yakaangukia fensi iliyokuwa imejaa mpaka njiani. Wageni watapita wapi? Na watavua viatu wakae kwenye mikeka, na miiba ya kaiyaba imetapakaa chini. Akachukua panga.

Alikata huku akilia. Sumeya alimwona. Alikata upande wote mpaka kwenye mashina, na kwa kuwa hakutaka hata mwiba mmoja umchome mtu aliyekuja kukuzika, alikusanya matawi yote nyuma ya choo akayachoma moto. Hakuna mgeni aliyechomwa na mwiba. Walimsifu.

Siku ile aliyekuwa akitangulia na kijiti hakuwepo, na hakuna mmoja wetu aliyekumbuka.

Aliyekumbuka kwanza ni yeye mwenyewe. Asubuhi iliyofuata alikuja kuzoa majivu na reki. Mama alikuwa ameanza kukaa eda, amekaa dirishani na kanga yake nyeupe, akamwona Gicheru anainama, anaokota kitu kidogo cheusi kilichojikunja kama mkia wa herufi, anakitazama. Reki ikamwanguka. Akainua macho akakutana na macho ya Mama kwenye kioo. Mama anasema hakuhitaji kuambiwa. Alihisi kama amefiwa mara ya pili ndani ya siku mbili.

Hakumtukana. Afadhali angemtukana. Alivuta pazia.

Toka hapo Gicheru alihama njia. Kwenda mashineni alizunguka kule juu kwenye shule, mzee wa watu, kwenye matope, ili asipite mlangoni petu. Wangechi ndiye aliyeleta maziwa. "Mzee hakuli vizuri," alimwambia Mama. "Ati amechoma vinyonga wa Zubair." Mama alipokea maziwa akasema asante. Usituulize kwa nini hakumwita, Baba. Miezi yote ya eda alikaa kwenye dirisha lile akiangalia mashina yaliyokauka, na kila asubuhi macho yake yalipita tawi kwa tawi kama yako, na hakuna kilichotembea. Hasira humpa mjane kitu cha kushika. Lakini eda iliisha, mvua zikaja, kaiyaba ikaanza kuchipua, na hasira yenyewe ikamchosha. Tulimsikia usiku mmoja akikuambia, "Zubair, nimebaki bila wewe na bila wao, na sasa nitabaki bila jirani pia." Sisi jikoni tukaogopa, maana nyumba hii bila kwa Gicheru si nyumba.

Wiki iliyopita tukasikia hodi.

Alikuwa Gicheru, amevaa koti lake la kanisani, amebeba katoni ya mkate kwa mikono miwili, ameisukuma mbali na kifua chake kama mtu aliyebeba sufuria ya mafuta moto.

"Mama Hamdan, nimekuletea kitu. Usikasirike."

"Nimekasirika mwaka mzima, Gicheru. Nimechoka. Ingia ukae."

Hakukaa. Aliweka katoni juu ya meza akarudi nyuma hatua kadhaa. "Ni kimbu. Nimetoa Giakanja, kwa shamba ya ndugu yangu Kihara. Niliisukuma na kijiti. Iko na tumbo kubwa. Nilichoma zako, sasa narudisha moja, hata kama ni moja."

Mama alifunua katoni. Humo ndani, juu ya tawi, alikuwa jike mwenye kofia na ndevu, kijani kibichi, tumbo limejaa mpaka mbavu zimechoreka, jicho moja linamtazama Mama na jingine linamtazama Gicheru. Baba, hatujawahi kumwona Mama akitaka kitu namna ile. Alinyoosha kidole akakirudisha. Nje kaiyaba ilikuwa imeshatoa majani ya kumficha. Ilikuwa ni kumtoa tu na kumweka, na asubuhi kungekuwa na kitu dirishani.

Akafunika katoni.

"Angekufukuza," akasema.

Gicheru akainamisha kichwa. "Najua. Angenifukuza na hiyo boksi yangu."

"Mnyama ana kwao."

"Mnyama ako na kwao," Gicheru akaitikia, na wote wawili, watu wazima, wakaanza kulia pale juu ya katoni ya mkate. Kisha Mama akajipangusa kwa ncha ya buibui. "Twende tumrudishe."

"Saa hii? Si kesho?"

"Siku ile ulikata bila kungoja. Leo ungoje nini?"

Hilo lilimchoma, lakini lilikuwa neno la kwanza la utani alilopewa katika nyumba hii tangu ufe, naye alilipokea kama sadaka. Tukapanda pikapu yake, Mama mbele na katoni mapajani, Sumeya nyuma. Njia nzima Gicheru aliendesha huku ameegemea mlango wake, mbali na katoni.

Kwa Kihara kuna fensi kama yetu, nyuma ya zizi. "Ilikuwa hapa. Tawi hii," akasema Gicheru, na hakukosea. Mama akashika kile kijiti chako cha mparachichi. Ndiyo, alikuwa amekibeba. Akampandisha, akamshusha kwenye tawi lake. Tulitegemea ataondoka, lakini hakuondoka. Alishika tawi kwa miguu yote minne, akainua mkia, rangi ikamgeuka ikawa ya majivu, na Mama akasema polepole, "Sumeya, ana nini?"

Kitu kikatoka. Kitu kidogo kilichoviringana ndani ya utando wa majimaji, kikaangukia jani la chini kikanata.

"Yai!" Gicheru akapiga kelele ambayo ng'ombe wa Kihara waliisikia wote. "Hiyo ni yai! Nilisema! Zubair, nilikuambia ni yai!" Alikuwa amenyanyua mikono juu kwa furaha, halafu akakumbuka, mikono ikashuka yenyewe. Aliyetaka kumshinda hakuwepo.

Ndipo yai likajinyoosha.

Tulishtuka sote. Utando ukapasuka, mguu ukatoka, mguu mwingine, kofia ndogo, jicho likafunguka likazunguka likatutazama. Kinyonga mzima, Baba, mwenye mikono iliyokamilika, mdogo kuliko kijiti cha kiberiti. Akatulia kidogo, kisha akaanza kupanda jani kwa yale madaha yao, mbele, nyuma, mbele. Na juu, mama yake akainua mkia tena.

Mama yetu aliziba mdomo kwa mikono miwili. Sumeya alisahau kupiga picha. Tuliwatazama wakija, mmoja baada ya mwingine, na wote tulikuwa tunafikiria jambo moja: kwamba aliyekuwa na haki ya kusimama hapo hayupo.

Gicheru alivua kofia. Jasho lilikuwa linamtiririka na jua halikuwa kali. Akakunja mkono wa koti la kanisani.

"Gicheru, acha," Mama akasema. "Hakuna anayekudai."

"Nilimwambia. Ulikuwa hapo, ulisikia."

Akaweka kidole chake kwenye ncha ya jani, macho ameyafumba kama mtoto anayengoja sindano. Yule mdogo alifika ukingoni, akapapasa hewa, akashika ukucha. Akapanda. Akatembea juu ya kidole cha Gicheru mpaka kwenye kiungo, akasimama hapo.

Gicheru akafumbua jicho moja.

"Ni baridi tu," akasema, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake. "Zubair, ni baridi tu, haina kitu." Kisha akasema lile ulilolingoja miaka yote hiyo, taratibu, kama mtu aliye mbele ya mahakama. "Nimeona. Inazaa. Nimeona na macho yangu."

Tukamrudisha kwenye jani lake, na tukawaacha kwao.

Jumapili fensi yetu ilikatwa. Panga alishika Hamdan. Gicheru alitangulia na kijiti chako, tawi kwa tawi, akiingiza mkono wake mtupu kati ya miiba mpaka ukatoka damu. "Hapa hakuna. Kata. Ngoja! Hapa hakuna. Kata." Kazi ilichukua siku nzima. Hakupata hata mmoja, na hakuruka hata tawi.

Lile ua la zambarau kwenye ngazi bado lipo. Anita hulimwagia maji yaliyobaki kwenye chupa yake, na wafagiaji wakikaribia huwafukuza. Hakuna anayejua jina lake. Wewe ungejua.

Dua itasomwa nyumbani Ijumaa baada ya swala. Wote mnakaribishwa, na tunaomba msivunje tawi lolote njiani.

Wanaokukumbuka: mkeo Saumu, wanao Hamdan na Sumeya, dada yako Rehana na jamaa wote wa Nanyuki, Anita wa ndizi, na Gicheru pamoja na Wangechi, ambao tuliwaandika chini ya majirani, Gicheru akaja mwenyewe kusema wafutwe hapo waandikwe chini ya ndugu. Tumewaandika.

Kalenda mpya iko jikoni. Kwenye kisanduku cha siku ile ya Giakanja Mama ameandika kwa mkono wake: "Kinyonga amezaa. Shahidi, Gicheru."

Lala salama, Baba. Mungu akurehemu. Hatutakusahau maisha yetu yote, na tukimwona mtu amechutama njiani, hatutapita tena bila kumgusa bega.